Makato ya Dirishani: New York na Fedha za Mbio za Farasi

Usiku wa tarehe 7 Desemba 2010, maduka ya serikali ya kubeti farasi jijini New York yalifunga milango kwa mara ya mwisho, na mamia ya wafanyakazi wakapoteza ajira. Shirika hilo, lililojulikana kwa herufi tatu tu, OTB, lilikuwa limeanza Aprili 1971, enzi za Meya John Lindsay. Lilianzishwa ili kuwanyang'anya wahalifu biashara ya kamari ya mitaani, na pia ili hazina ya jiji ipate chochote. Hadi miaka yake ya mwisho lilikuwa likipokea madau yanayokaribia dola bilioni moja kwa mwaka. Na kwa namna kamari ya farasi inavyoendeshwa Marekani, shirika hilo halikuwa na njia ya kushindwa na mcheza kamari: farasi yeyote atakayetangulia, fungu lake liko palepale. Bado lilifilisika.

Msomaji aliyezoea kuweka mkeka wa mpira ana haki ya kushangaa. Kwenye mkeka unapambana na kampuni yenyewe. Kampuni inakupa odi, na ukipatia inakulipa kutoka mfukoni mwake, kwa hiyo ikikosea hesabu inaumia. Mbio za farasi New York, tangu mwaka 1940, hazifuati utaratibu huo. Wanaobeti wanashindana wenyewe kwa wenyewe, kwa mtindo uliobuniwa Paris katika miaka ya 1860 na Joseph Oller. Madau yote ya mbio moja yanatiwa kwenye mfuko mmoja, mwendeshaji anakata asilimia yake, na kilichobaki wanagawana waliopatia.

Chukua mfuko wa dola 1,000 zilizowekwa kutabiri farasi atakayeshinda. Makato ya dau la aina hiyo New York ni asilimia 16, kwa hiyo zinabaki dola 840. Kama waliompa dau farasi aliyeshinda waliweka jumla ya dola 210, kila dola moja inarudi na kuwa dola nne. Mwendeshaji ameshachukua dola zake 160 kabla farasi hajatoka bandani, na matokeo hayamhusu. Kwa madau magumu zaidi, kama kutaja farasi watatu wa kwanza kwa mpangilio wao, makato hupanda hadi kukaribia robo ya fedha zote.

Hizo dola 160 ndizo kiini cha kila ugomvi nitakaoueleza hapa. Kiwango cha makato kimewekwa na sheria, na mgawanyo wake pia. Humo mna zawadi za wenye farasi, gharama za viwanja, mfuko wa wafugaji, kodi ya jimbo, na ujira wa aliyepokea dau. Kwa miaka zaidi ya 50 nguvu nyingi za viongozi wa mchezo huu New York zimekwenda kwenye kugombania mgawanyo huo, huku fedha zenyewe zikipungua, kwa sababu watu waliokuwa wakijaa viwanjani walipata bahati nasibu za serikali, kasino, na baadaye intaneti.

OTB ilikufa kwa ubaya wa mgawanyo. Sheria ililitaka shirika litoe mafungu ya jimbo, ya jiji na ya wenye mbio kutoka kwenye madau ghafi, kabla halijalipa pango, mishahara na umeme. Fikiria mama ntilie anayedaiwa ushuru kwa kila sahani iliyotoka jikoni, iwe mkaa na mchele vimemwachia faida au la. Akiuza sana anaweza kufa haraka zaidi. Hilo ndilo lililotokea, na likachanganyika na uzembe wa kawaida wa mashirika ya umma: vyeo vya kupeana kisiasa, maduka mengi kuliko wateja, mikataba ya kazi isiyolingana na mapato. Meya Michael Bloomberg alitishia kulifunga mwaka 2008, na jimbo likalichukua. Mwishoni mwa 2009 likaomba ulinzi wa sheria ya kufilisika. Mpango wa kuliokoa ulipokwama katika Seneti ya jimbo Desemba iliyofuata, mambo yakaishia hapo.

Aliyeumia zaidi, baada ya wafanyakazi, ni aliyekuwa akilidai: New York Racing Association, au NYRA, chama kinachoendesha viwanja vya Belmont Park, Aqueduct na Saratoga. NYRA iliundwa mwaka 1955 kuunganisha viwanja vilivyokuwa vikichakaa, ikiwa taasisi isiyogawa faida kwa mtu yeyote. Bodi yake ilijaa wenye farasi matajiri, watu wa familia kongwe walioupenda mchezo huu kwa dhati. Mapenzi hayo siyatilii shaka. Lakini taasisi isiyo na mwanahisa wa kuuliza, wala mpiga kura wa kuiondoa madarakani, hujizoesha kutoulizwa.

Mwaka 2003 waendesha mashtaka wa serikali kuu walikifikisha chama mahakamani. Shutuma yenyewe ni ndogo kwa umbo na nzito kwa maana. Makarani wa madirishani walikuwa wakichota fedha za droo, kisha upungufu huo ukihesabiwa kuwa hasara ya kazini na kupunguza kodi yao, na uongozi ukalijua jambo hilo na kuliacha liendelee. NYRA ilikubali kulipa dola milioni tatu na kuwekewa msimamizi wa nje, na mwaka 2005 mashtaka yakafutwa. Tarehe 2 Novemba 2006 chama hichohicho kikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake.

Hapo ndipo ilipoibuka kesi kubwa kuliko zote, ya ardhi. Hati za viwanja vitatu zilikuwa kwa jina la nani? NYRA ilisema ni vyake kwa kununua. Jimbo lilisema kibali cha kuendesha mbio kikiisha, ardhi inarudi kwa umma. Anayejua bei ya ekari moja ndani ya jiji la New York ataelewa kwa nini hakuna aliyekuwa tayari kulegeza. Suluhu ilipatikana mwaka 2008: NYRA ilikubali kwamba ardhi ni ya jimbo, nayo ikapewa kibali cha miaka 25 na msaada wa dola milioni 105. Kwa maoni yangu mapatano hayo yalikuwa sahihi. Shida ni kwamba yalijengwa juu ya fedha ambazo zilikuwa bado hazijaonekana.

Fedha hizo zilitarajiwa kutoka kwenye mashine za kamari. Bunge la jimbo liliruhusu mashine hizo viwanjani Oktoba 2001, wiki chache baada ya mashambulizi ya Septemba 11, likiwa na haraka ya kuziba pengo la bajeti. Aqueduct ilisubiri miaka kumi. Mwanzoni mwa 2010 Gavana David Paterson na viongozi wa bunge waliteua kampuni ya kujenga ukumbi. Miezi michache baadaye uteuzi huo ulifutwa kwa aibu, na mkaguzi wa jimbo akaulaumu mchakato mzima. Wakati wakubwa wakizozana, NYRA iliishiwa kiasi kwamba jimbo lililazimika kuikopesha dola milioni 25 mwezi Mei 2010. Hatimaye kampuni ya Genting ya Malaysia ilifungua ukumbi wa Resorts World tarehe 28 Oktoba 2011.

Fedha zikaanza kumiminika. Ndani ya miezi michache tu yakafichuka mambo mawili, na kwangu mimi haya ndiyo yanayoueleza mchezo huu kuliko hesabu zote za awali.

La kwanza ni asilimia moja. Mwaka 2008 sheria iliruhusu makato ya madau magumu yapande kutoka asilimia 25 hadi 26, kwa muda, hadi Septemba 15, 2010. Siku hiyo ikapita. NYRA ikaendelea kukata 26, miezi 15 mfululizo, mpaka Desemba 2011. Zilizokatwa kupita kiasi zilikuwa takriban dola milioni 8.5. Waliobeti kwa akaunti wangeweza kutambuliwa na kurudishiwa. Aliyelipa fedha taslimu dirishani, akatupa tiketi yake chini kama kawaida ya viwanjani, alikuwa amepoteza moja kwa moja. Mei 2012 mkurugenzi mkuu, Charles Hayward, na mwanasheria mkuu wa chama walifukuzwa kazi, kwa madai kwamba walijua na wakanyamaza. Msimamizi wa jimbo aliyepaswa kuhakiki viwango hivyo naye hakuona kitu. Taasisi zote mbili zilikuwa na wakaguzi, na kila mkaguzi alijua kuhesabu fungu la bosi wake. Fungu la yule anayeweka dau halikuwa na mhesabu.

La pili ni vifo. Kati ya mwisho wa Novemba 2011 na katikati ya Machi 2012, farasi 21 walikufa kwa majeraha ya mbio Aqueduct. Ili kuona uhusiano wa vifo hivyo na fedha, inabidi kujua kwamba Marekani zipo mbio ambazo kila farasi anayeingia ana bei iliyotangazwa, na mwenye farasi mwingine aliyesajiliwa anaweza kumnunua kwa bei hiyo. Utaratibu huo kwa kawaida humlinda farasi wa daraja la chini: ukiingiza mzuri miongoni mwa dhaifu ili uchume zawadi, utanyang'anywa kwa bei ya chini. Lakini fedha za mashine zilipandisha zawadi ghafla, na bei za farasi hazikupanda nazo. Farasi wa dola 7,500 akawa anashindania zawadi inayozidi thamani yake zaidi ya mara tatu. Hapo mwenye farasi anayechechemea, mwenye kifundo kilichovimba, hana sababu ya kifedha ya kumpumzisha. Mbio moja nzuri inamlipa kuliko farasi mwenyewe anavyoweza kuuzwa, na akivunjika, hasara ni ndogo kuliko zawadi aliyoikimbilia.

Jopo la wataalamu lililoteuliwa kuchunguza vifo hivyo lilitoa taarifa yake Septemba 2012 na kusema kwamba kwa zaidi ya nusu ya farasi hao, ilikuwepo fursa ya kuzuia kifo. Lilikuta pia madaktari wa mifugo wa uwanjani wakiwa chini ya ofisi ileile inayojaza orodha za mbio, yaani anayepaswa kusema "huyu hafai" anaripoti kwa anayehitaji farasi watimie. Kanuni ikabadilishwa ili zawadi isizidi mara mbili ya bei ya farasi. Nimesoma mijadala mingi kuhusu dawa, udongo wa uwanja na viboko, na yote ina nafasi yake. Lakini Aqueduct ilionyesha kwamba safu moja ya namba kwenye bajeti, ikiwekwa vibaya, inaweza kuua mnyama.

Mwezi Oktoba 2012 Gavana Andrew Cuomo alipata alichokuwa akikitaka: bodi mpya ya watu 17, wengi wao wakiteuliwa na viongozi wa jimbo. Ilitakiwa kudumu miaka mitatu, ikarefushwa, na mwaka 2017 sheria ikairudisha NYRA mikononi mwa watu binafsi. Hesabu za chama zikatengemaa. Wanaomsifu Cuomo kwa hilo, na wanaousifu uongozi wa chama, wote wanaacha kutaja kwamba kilichobadilisha hesabu hasa ni mashine za Aqueduct.

Na utegemezi huo una mfano wake wa kuogofya karibu tu, ng'ambo ya mpaka. Jimbo la Ontario, Kanada, lilianza kuvipa viwanja vya farasi sehemu ya mapato ya mashine mwaka 1998. Ilipofika 2012 fungu hilo lilikuwa dola za Kanada milioni 345 kwa mwaka, na serikali ikatangaza kulikata. Tarehe 31 Machi 2013 likaisha. Wafugaji waliokuwa na majike wenye mimba ya miezi 11, na wanaohitaji miaka miwili zaidi kabla mwana hajakimbia, walipewa taarifa ya mwaka mmoja. Wengi waliuza mifugo kwa bei ya kutupa. Mchezo unaoishi kwa fedha za kamari ya mwingine unaishi kwa hisani, na hisani huondolewa kwa kura moja ya bajeti.

New York haijajitenga na hatari hiyo, imeikopea. Mwaka 2023 jimbo liliidhinisha mkopo wa dola milioni 455 wa kuijenga upya Belmont Park, mbio zote za ukanda wa jiji la New York zihamie hapo na ardhi ya Aqueduct irudi kwa jimbo. Mkopo utalipwa kwa fedha za mashine.

Kwa upande wa madau kuna mpya nyingine. Sehemu kubwa ya mifuko sasa inajazwa na makundi machache yanayobeti kwa kompyuta, yakituma madau kwa maelfu katika sekunde za mwisho. Makundi hayo hurudishiwa sehemu ya makato kama punguzo la mteja mkubwa. Mtu wa dirishani anakatwa asilimia 16 kamili, au robo, na mpinzani wake ndani ya mfuko uleule anakatwa pungufu. Mwaka 2021 NYRA iliyazuia makundi hayo kuingia kwenye mfuko wa farasi mshindi katika dakika mbili za mwisho, hatua njema ambayo iligusa mfuko mmoja na kuiacha mingine.

Sheria ya 2017 iliwapa wafugaji kiti bodini, na wenye farasi kiti. Anayeweka dau, ambaye makato yake ndiyo yaliyoujenga mchezo huu, hakutengewa kiti. Atengewe. Viwango vya punguzo wanavyopewa wenye kompyuta vitangazwe hadharani, mfuko kwa mfuko, kama makato yenyewe yanavyotangazwa. Na daktari wa mifugo anayemzuia farasi asikimbie aajiriwe na alipwe na mtu asiyeuza tiketi.