Je, Wajua? Msitu uliobaki ndani ya mabanda

Je, wajua kwamba mabanda makuukuu ya mashambani huko Marekani yamehifadhi mbao za mti ambao misituni umekaribia kutoweka? Mti huo ni chesinati wa Kimarekani. Mwaka 1904 ugonjwa wa kuvu kutoka Asia ulionekana jijini New York, na kufikia katikati ya karne ya 20 miti inayokadiriwa kuwa bilioni 4 ilikuwa imekufa. Hasara isiyosemeka!

Ndiyo maana fundi anayejali habomoi banda la zamani kwa tingatinga. Huanzia paani, akashuka polepole, akigonga na kutoa vigingi vya mti vinavyoshika boriti, ili boriti zenyewe zishuke nzima, zikiwa bado na makovu ya shoka. Kisha huja kazi ya kuchosha: kutafuta misumari. Mmoja tu uliozama ndani ya ubao huvunja meno ya msumeno, kwa hiyo mbao hupitishiwa kifaa cha kutambua chuma. Mbao hizo, nyingine zenye vitundu vidogo vya wadudu, leo ni meza, milango na sakafu.