KUTEMBEA KWA MIGUU KATIKA BONDE LA ISIUKHU

Watu wengi wapitao kwa basi katika barabara itokayo Kakamega kwenda Webuye hutazama mahindi na miwa pande zote mbili, wakadhani nchi yote ya huko ni mashamba matupu. Kumbe upande wa mashariki wa barabara hiyo, mwendo mfupi tu kutoka kwenye lami, uko msitu mkubwa, na ndani yake mto Isiukhu hupita kimya kimya chini ya miti mirefu.

Twaandika habari za bonde hili kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba matembezi yake ni mazuri, nayo hayamtaki mtu awe na gari wala mali nyingi. Yamtaka awe na miguu mizima na viatu vilivyofungwa vizuri. Ya pili yawahusu hasa wasomaji wetu wakulima. Jambo ambalo wameambiwa mara nyingi barazani juu ya miti na maji, na labda wakasinzia likisemwa, katika bonde hili hulionekana kwa macho.

Yafaa kwanza kueleza msitu wenyewe ni kitu gani. Wataalamu wa mimea husema kwamba msitu wa Kakamega ni salio la mashariki kabisa la ule msitu mkubwa wa mvua ulioenea kutoka Afrika ya Magharibi na Kongo. Zamani sana, hali ya nchi ilipokuwa na unyevu zaidi, misitu ya namna hiyo ilifika huku kwetu. Kisha nchi ikakauka, watu wakalima, likabaki pande hili. Kwa hiyo mtu wa Kenya aweza kuona hapa ndege na nyoka ambao jamaa zao wengi wako Kongo, bila kuvuka mpaka. Aina za ndege peke yake zimehesabiwa zaidi ya 300.

NDANI YA BONDE

Tuliingia kwa lango la Buyangu saa moja na nusu asubuhi, tukiwa watu wanne pamoja na kijana mwongozaji, mzaliwa wa hapo hapo. Hatua mia tu kutoka langoni joto la jua liliisha. Mwanga uliobaki ulikuwa wa kijani, kama ule uingiao nyumbani kupitia pazia, na udongo wa njiani ulikuwa laini kiasi kwamba hatukusikia nyayo zetu wenyewe.

Mgeni asiyezoea hudhani msitu kama huu utakuwa na kelele nyingi. Sivyo. Kwa muda mrefu husikii kitu, halafu ghafula matawi yanatikisika juu kabisa, na mbega weusi wenye manyoya meupe marefu mabegani wanaruka mmoja mmoja kutoka mti huu hadi ule. Kima tuliwaona pia, na hondohondo ambaye mabawa yake huvuma arukapo kama mtu apepetaye mtama. Kijana alitusimamisha ili tumwone ndege mmoja mkubwa wa rangi ya buluu, mwenye kishungi cheusi kichwani na mdomo wa manjano, akikimbia juu ya tawi kana kwamba amesahau kuwa ana mabawa. Mmoja wetu, karani wa mjini, alisema ameishi maili chache kutoka hapo kwa miaka kumi na mmoja na hajapata kumwona.

Miti nayo yastahili kutazamwa bila haraka. Iko ile waiitayo tiki ya Elgon, ambayo mbao zake nzito zilitafutwa sana na wapasua mbao. Uko mwiritsa, ambao ganda lake huuzwa mpaka Ulaya kwa dawa ya maradhi ya wazee wa kiume. Ulichunwa mno katika Afrika hata mwaka 1995 ukaingizwa katika orodha ya mimea ambayo biashara yake ya kimataifa yasimamiwa kwa mapatano ya mataifa. Tena kuna mikuyu ya ajabu. Ndege huangusha mbegu katika panda la mti mwingine. Mbegu huota huko juu, ikashusha mizizi kama kamba mpaka ardhini, mizizi ikanenepa na kushikamana, na mwisho mti mwenyeji hufa ndani ya kumbatio hilo. Tuliona mkuyu mmoja wa namna hiyo ukiwa na uwazi katikati, mahali mti wa kwanza ulipooza ukatoweka, na mtu mzima aweza kusimama ndani yake.

MAJI MAWILI

Njia ikashuka mpaka mtoni, na hapo ndipo tulipokaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Maporomoko ya Isiukhu si makubwa, na yeyote aliyekwisha kuyaona yale ya Thomson huko Nyahururu asitarajie ngurumo. Maji huteremka juu ya miamba kwa sauti ya kadiri, na vipepeo hujikusanya juu ya tope la ukingoni kwa makumi.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na mto ulikuwa mwekundu kama chai iliyotiwa maziwa. Mtu atauliza, mbona mto wa msituni una udongo? Jibu ni kwamba Isiukhu hauzaliwi ndani ya msitu. Watoka nchi ya juu, upande wa Nandi, hupita kwanza katika mashamba, na udongo ule ni wa wakulima wa huko. Lakini hatua chache chini yetu kijito kidogo kilitoka kati ya miti na kuingia mtoni, nacho kilikuwa cheupe, hata mawe ya chini yalihesabika. Usiku ule ule, mvua ile ile. Maji mawili yalikwenda sambamba kwa mwendo kidogo, jekundu na jeupe, kabla ya kuchanganyika.

Mwongozaji hakusema neno. Aliinama, akachota kwa mikono miwili majani yaliyooza chini ya mti, akayakamua, na maji yakamtiririka mpaka kwenye viwiko. Matone ya mvua hupiga kwanza majani ya juu, yakashuka polepole, yakanywewa na mboji hii, yakazama mpaka kwenye mizizi na kutoka tena katika chemchemi siku nyingi baadaye. Katika shamba la mteremko lisilo na matuta, tone hupiga udongo mtupu, na udongo hufuatana nalo. Isiukhu huishia katika mto Nzoia, na Nzoia huingia ziwa la Victoria kupitia Budalang'i, ambako mafuriko yamewahamisha watu mara nyingi.

Wako wabishi wasemao kwamba miti nayo hunywa maji, na hao hawasemi uongo. Mikaratusi iliyopandwa kandokando ya vijito imewakausha chemchemi wakulima wengi. Lakini mkaratusi wa ukingoni si msitu wa mboji na vivuli vya tabaka tatu, na mtu asiutumie huo wa kwanza kuushitaki huu wa pili.

MSITU ULIOPUNGUZWA

Msitu huu ulikuwa mkubwa zaidi. Dhahabu ilipovumbuliwa Kakamega mwaka 1931, wachimbaji walimiminika kutoka kila upande, na machimbo yalihitaji miti ya kutegemeza mashimo. Mnamo Desemba 1932 serikali ya kikoloni iligeuza sheria ya ardhi ya Waafrika iliyotungwa miaka miwili tu kabla, ili ardhi ipate kutwaliwa kwa uchimbaji bila wenyewe kupewa ardhi nyingine badala yake. Wazee hawakulisahau jambo hilo. Mgodi mkubwa wa Rosterman ulifungwa mwaka 1952, lakini wapasua mbao waliendelea kwa miaka mingi. Upande wa Buyangu ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1985.

Tangu hapo pande mbili za msitu zatawaliwa kwa namna mbili. Kaskazini, chini ya shirika la wanyamapori, hairuhusiwi kutoa hata ukuni. Kusini, chini ya shirika la misitu, wanawake huokota kuni kavu kwa kibali na malipo. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilipata watu 1,867,579 katika kaunti ya Kakamega, na wengi wao hupika kwa kuni. Asiyekumbuka hivyo hana haki ya kuwahubiria. Mfano unaotupendeza zaidi ni wa wakulima wa kundi la Muliru, karibu na Isecheno, ambao hupanda mashambani mwao mmea wa jamii ya kivumbasi na kutengeneza dawa ya kuchua, wasiende kuchuma dawa msituni.

Apendaye kwenda na achague miezi ya Desemba hadi Februari, maana Aprili na Mei njia huteleza mno. Aingie asubuhi, kwa kuwa mvua za huko hupenda alasiri. Avae suruali ndefu na kuichomeka ndani ya soksi kwa ajili ya siafu, atazame akanyagapo, kwa maana nyoka wa jamii ya bafe hufanana sana na majani makavu, na amchukue mwongozaji. Ada za hifadhi siku hizi hazipokewi kwa fedha taslimu bali kwa njia ya simu. Mwenye simu isiyo na umeme atarudishwa.

Baada ya mto tulipanda kilima cha Buyangu. Kutoka juu msitu wote waonekana umelala kuelekea milima ya Nandi, na mpaka wake ni kama uliopigwa kwa rula: huku miti, kule mara moja mahindi na mabati yaking'aa juani. Tulitaka kukaa zaidi, lakini mwongozaji alitunyoshea kidole upande wa mashariki, ambako wingu jeusi lilikwisha kuufunika mlima, tukashuka upesi.