Kuhesabu Miguu Hakutoshi

Shuleni tulifundishwa kanuni fupi: mwenye miguu sita ni mdudu, mwenye minane ni wa jamii ya buibui. Inafaa kuanzia, lakini mfugaji akiitegemea itampoteza. Kupe anapoanguliwa ana miguu sita. Hunyonya damu, hujivua gamba, ndipo jozi ya nne inapojitokeza. Lakini hata akiwa na miguu sita si mdudu. Hana vipapasio, hana mabawa, na mwili wake haukugawanyika kuwa kichwa, kidari na fumbatio. Mdomoni ana chelisera, viungo vya kukatia ngozi, vilevile ambavyo kwa buibui vimekuwa meno ya sumu na kwa nge vikoleo vidogo vya kurarulia windo.

Kwa mwenye ng'ombe, hatua hizo za ukuaji ni jambo zito. Kupe wa kahawia anayependa masikio hubeba vimelea vya ndigana kali. Akinyonya ng'ombe mgonjwa akiwa bado na miguu sita, vimelea hubaki naye anapojivua gamba, na mlo wake unaofuata, sasa kwa miguu minane, ndio unaoambukiza ng'ombe mwingine. Vimelea hivyo havipiti kwenye mayai, hivyo kupe aliyeanguliwa leo bado ni safi. Kuogesha mifugo kwa ratiba kunalenga kukata mnyororo huu kabla ya mlo huo wa hatari.

Kujivua gamba ni sifa ya arithropodi wote, yaani kundi zima la wanyama wenye miguu ya viungo na mwili wa pingili. Hawana mfupa ndani. Kinachowashikilia ni gamba la nje lenye kaitini, na kwa kuwa gamba gumu halitanuki, kukua ni lazima kupitie kulipasua na kutoka. Wavuvi wa mikokoni wanamjua kaa aliyetoka kujivua: laini, mnyonge, amejificha mpaka gamba jipya liwe gumu.

Jongoo na tandu huchanganywa sana, na kwa haki, maana wote ni warefu na wana miguu mingi. Tazama pingili moja. Ya jongoo, isipokuwa chache za mbele na za mwisho, ina jozi mbili za miguu, kwa sababu ni pingili mbili zilizoungana. Ya tandu ina jozi moja. Jongoo hula majani yaliyooza na akisumbuliwa hujikunja. Tandu ni mwindaji, na jozi yake ya kwanza imegeuka kuwa makucha ya sumu. Jozi za miguu ya tandu, kwa kawaida, huwa idadi witiri, kwa hiyo tandu mwenye miguu 100 kamili, yaani jozi 50, usitarajie kumwona.

Mwaka 1758 Linnaeus, mtaalamu wa kuainisha viumbe, aliwaweka kaa, buibui na tandu pamoja na nzi katika kundi moja la wadudu. Wataalamu waliofuata waliwatenga, na krasteshia, yaani kaa, kamba na wenzao, wakatambuliwa kwa jozi mbili za vipapasio. Wadudu wana moja, buibui hawana kabisa. Mgawanyo huo ulionekana umekamilika hadi vinasaba vilipochunguzwa. Wadudu, imebainika, ni tawi lililochipuka ndani ya ukoo wa krasteshia wenyewe. Kwangu mimi huo ndio ugunduzi mkubwa kuliko yote katika somo hili. Kaa wa nazi wa Kisiwa cha Chumbe, ambaye huanza maisha baharini na akishakomaa huzama akiachwa majini, ameifuata nchi kavu kwa njia yake mwenyewe. Wadudu walitangulia mamilioni mengi ya miaka kabla yake. Nzige wa shambani, basi, ni ndugu wa karibu zaidi wa kambakoche kuliko wa buibui au jongoo anaokutana nao kwenye majani.