Kuchora Nchi ya Chai kwa Rangi za Maji

Katika nchi za Ulaya wachoraji wengi hutoka nje mwezi wa Aprili, maana baridi kali imekwisha na miti iliyokuwa mitupu imeanza kuchipua. Kericho na Bomet hakuna majira ya namna hiyo, kwani mchai haupukutishi majani yake, na huchumwa mwaka mzima. Hata hivyo, ukavu wa Januari na Februari ukiisha na mvua za masika zikianza, michai hutoa machipukizi kwa wingi na vilima hubadilika rangi. Huo ndio wakati wa mchoraji.

Rangi za maji ni unga laini wa rangi uliochanganywa na gundi ya mgunga, kama ile ikusanywayo Sudani na kaskazini ya Kenya. Joy Adamson alizitumia kuchora maua mengi ya Kenya. Kwa kuwa rangi hizo ni nyepesi, weupe wa karatasi huonekana chini yake, na weupe huo ndio mwanga wa picha. Kwa hiyo yapasa kuanza na rangi hafifu, kisha nzito. Aanzaye na nzito hawezi kuifunika tena.

Kosa la wengi ni kulipaka shamba zima kijani kimoja. Atazamaye vizuri ataona kwamba chipukizi lina umanjano, jani lililokomaa lina kijani kizito chenye kung'aa, na sehemu iliyokwisha kuchumwa ina giza kuliko ile ingojayo wachumaji. Mbali zaidi, msitu wa Mau huonekana wa samawati.

Adui mkubwa ni mvua. Upepo wenye unyevu utokao Ziwa Victoria hukutana na upepo wa mashariki juu ya nyanda hizi, mawingu hupanda, na mara nyingi alasiri hunyesha, pengine mvua ya mawe. Matone machache yatosha kufuta kazi ya saa nyingi. Basi kazi na ianze asubuhi. Lakini asubuhi nayo ina umande, karatasi hukauka polepole, na rangi ya pili ikipakwa mapema huchanganyika na ya kwanza. Mchoraji mwenye busara hupaka kwanza mbingu na ukungu, vitu visivyotaka kingo kali, na mistari ya michai huiacha mpaka jua limekausha karatasi.

Tena asisahau kumwomba ruhusa mwenye shamba kabla ya kuketi.