Kabla ya Kutazama Jiko, Lisomeni Daftari la Jengo

Mara kwa mara hutufikia maswali kutoka kwa ndugu zetu wanaoishi katika jiji la New York, Marekani, ambao baada ya miaka mingi ya kupanga wameazimia kununua makazi. Fedha wanazozitia humo ni akiba ya mume na mke, na wakati mwingine ni thamani ya kiwanja cha urithi kilichouzwa huku nyumbani. Kwa sababu hiyo jamaa walioko Tanga, Mombasa au Unguja nao huhusika, na wana haki ya kujua ni kitu gani hasa kinachonunuliwa. Jibu huwashangaza wengi, kwani katika jengo la ushirika mnunuzi hanunui fleti.

Anachonunua ni hisa. Jengo zima, kuanzia msingi hadi paa, ni mali ya kampuni, na wakazi ndio wanahisa wake. Fleti kubwa hupewa hisa nyingi na ndogo hupewa chache, kisha hisa hizo huambatana na mkataba wa muda mrefu unaompa mwenyewe haki ya kuishi humo. Kila mwezi hulipa ada, na ndani ya ada hiyo mna kodi ya serikali, bima, mishahara ya wafanyakazi, gharama ya kupasha jengo joto wakati wa baridi, na malipo ya deni la kampuni. Utaratibu huu una umri mkubwa jijini humo. Wahamiaji kutoka Finland walijenga nyumba zao za ushirika Sunset Park, Brooklyn, mwaka 1916, na wafanyakazi wa viwanda vya nguo wakapata zao huko Bronx mwaka 1927. Hawakuwa matajiri; walichoka tu kutozwa kodi na wenye nyumba.

Anayenunua hisa, basi, ameingia ubia, na ubia huwa na madeni. Majengo mengi yamewekwa rehani benki kwa jina la kampuni. Tuchukue mfano wa jengo lenye fleti 100 zinazolingana na deni la dola milioni 5. Kila fleti inabeba dola 50,000 za deni hilo, ijapokuwa tangazo la mauzo halizitaji. Mara nyingi kinacholipwa ni riba peke yake, huku deni lenyewe likingoja kukopewa upya muda utakapokwisha. Ikiwa riba ilikuwa asilimia 3 na mkopo mpya ukaja na asilimia 6, kila fleti itaongezewa dola 125 kwa mwezi. Kampuni ikishindwa kabisa kulipa, benki yaweza kulitwaa jengo, na hisa za wote zikapotea, hata za yule aliyenunua kwa fedha taslimu.

Hapa ndipo Muislamu anapopaswa kutulia. Wapo waliojinyima miaka mingi ili wanunue bila mkopo wa riba, kisha wakagundua kwamba sehemu ya ada yao ya kila mwezi ni riba ya jengo. Hukumu yake tunawaachia wanazuoni, kwani suala hili linahitaji mwenye elimu aelezwe hali yote kwa ukamilifu. Lakini hawezi kuulizwa mwanazuoni jambo ambalo muulizaji mwenyewe hakulichunguza. Yapo majengo yasiyo na deni la rehani, japo si mengi, na anayeyataka sharti aulize mapema. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani imehusu kuandikiana madeni. Hatuoni sababu ya mtu kutia saini deni la jirani zake bila ya kulisoma.

Wenyeji wa Co-op City huko Bronx, mji wa ushirika wenye fleti zaidi ya 15,000, waliyaonja haya. Gharama za ujenzi zilipanda, deni likavimba, ada zikaongezwa mara kwa mara. Mwaka 1975 wengi wao waligoma kuzilipa kwa wasimamizi, wakazikusanya wenyewe kwa muda wa miezi 13, hadi walipokabidhiwa uongozi wa makazi yao.

Baada ya deni, itazamwe akiba. Ikiwa mfuko wa akiba ni mwembamba, paa likivuja au boila ikifa wanahisa watatakiwa kutoa mchango maalumu, na asiye nao atatafutiwa njia ya kuutoa. Sheria za New York zinaamuru kuta za nje za majengo yanayozidi ghorofa sita zikaguliwe kila baada ya miaka mitano. Sheria hizo zilizaliwa baada ya kipande cha jengo kumwangukia na kumuua mwanafunzi wa Chuo cha Barnard mwaka 1979. Ukaguzi ukikuta nyufa, wanaolipia matengenezo ni wanahisa.

Gharama zikiahirishwa, hatari hubaki palepale. Tarehe 24 Juni 2021 jengo la Champlain Towers South mjini Surfside, Florida, liliporomoka usiku na kuua watu 98. Umiliki wake ulikuwa wa namna nyingine, kila mmoja akiwa na hati ya fleti yake, lakini nguzo na msingi vilikuwa vya wote. Mhandisi alikwisha kuandika mwaka 2018 kuhusu uharibifu wa zege. Wakazi wakavutana kuhusu gharama, na mchango wa takriban dola milioni 15 ulipitishwa miezi michache tu kabla ya msiba.

Mvutano wa namna hiyo huonekana wapi? Katika mihutasari ya vikao vya bodi. Wakili wa mnunuzi kwa kawaida huruhusiwa kuisoma, walau ya miaka miwili, pamoja na hesabu zilizokaguliwa. Sisi ambao kazi yetu ni kuandika mihutasari ya kamati ya msikiti tunajua kwamba karatasi hizo husema zaidi ya alivyokusudia mwandishi. Ajenda ya bomba inayorudi vikao vitano, kila mara ikiahirishwa, ina maana bomba linaendelea kuvuja. Majina ya wadaiwa wa ada yakiongezeka, wanaolipa watawabeba wasiolipa. Bodi inayobadilisha mhasibu kila mwaka nayo iulizwe sababu. Tungemshauri mnunuzi asiridhike na wakili kumwambia kwamba mambo ni shwari; aombe aelezwe alichokisoma.

Yapo mengine ya kuulizwa kwa maneno machache. Je, ardhi ni ya kampuni au imekodishwa? Mkataba wa ardhi ukikaribia kwisha, thamani ya hisa hushuka. Je, kupangisha kunaruhusiwa? Bodi nyingi huzuia au huwekea mipaka, na hili linawahusu sana wanaotarajia kurudi nyumbani na kuiacha fleti iwaingizie kodi. Bodi pia huweza kumkataa mnunuzi bila kutaja sababu, ingawa sheria hairuhusu kumkataa kwa dini yake, rangi yake wala asili yake.

Wakati wa kutia saini mkataba, mnunuzi kwa desturi hutoa asilimia 10 ya bei, nayo hushikwa na wakili wa muuzaji. Akijitoa baadaye kwa sababu ya jambo ambalo angeliona katika daftari, kuzirudisha fedha hizo ni vigumu. Usomaji wote tulioutaja ufanyike kabla ya siku hiyo.