Kola: Watu Walizidi, Vilima Vikapona

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Nairobi, akisha kupita Sultan Hamud, mji uliochukua jina la Sultani wa Unguja, huviona vilima mkono wake wa kulia vikifuatana mpaka macho yachoke. Nyuma ya vilima hivyo ndiko Machakos, na kusini ya mji wa Machakos, katika njia iendayo Wote, ndiko iliko Kola. Si mahali pa kutajwa sana na wasafiri. Ni soko, maduka, skuli, makanisa, na mashamba yaliyopangwa juu ya miteremko mfano wa ngazi.

Sisi watu wa pwani tuna haja gani na kijiji cha Ukambani? Haja yetu ni swali moja ambalo twaulizana barazani kila siku: je, watu wakizidi, nchi huharibika? Lamu twauliza, Mombasa twauliza, na Malindi kadhalika. Watu wa Kola na jirani zao walikwisha kulijibu kwa majembe na karai, na jibu lao lataka kusikilizwa.

NANI MKUBWA WA KIJIJI?

Hapo kale Wakamba hawakuwa na mfalme wala sultani. Miji ya jamaa iliyokaribiana ikifanya utui, yaani mtaa wao, na mambo ya utui yakikatwa na wazee wa nzama, ambao walipanda daraja kwa umri na kwa kutoa mbuzi wa ada. Huku kwetu Waingereza walimkuta liwali na kadhi chini ya utawala wa Sultani, wakawaacha katika kazi zao. Kule bara hawakumkuta wa mfano huo, basi wakamzua. Sheria ya mwaka 1902 iliwapa uwezo wa kuweka wakuu wa vijiji, na hao ndio asili ya chifu. Kazi yake kubwa ya awali ilikuwa kukusanya kodi ya nyumba na kutoa watu wa kulima barabara. Si ajabu kwamba wengi walimtazama kuwa mtu wa Serikali kuliko kuwa mtu wao.

Leo mtu wa Kola ana wakubwa wa namna mbili. Upande mmoja iko ngazi ya Serikali kuu: mzee wa kijiji, naibu wa chifu, chifu wa lokesheni, na juu yao maofisa wa kaunti ndogo. Chifu na naibu wake hawapigiwi kura. Upande wa pili, tangu Katiba ya 2010 ilipoanza kazi, iko Serikali ya kaunti iliyosimama mwaka 2013. Kola ni wadi, moja katika 7 za eneo la ubunge la Machakos Mjini na katika 40 za kaunti nzima, nayo hupeleka mwakilishi wake katika bunge la kaunti. Mtu akitaka barua ya kitambulisho humwendea chifu. Akitaka dawa katika zahanati au njia ya kijijini itengenezwe, humwuliza mwakilishi wa wadi. Wote wawili humwita barazani, na neno hilo baraza ni letu, lililopanda bara likakaa.

HESABU YA VICHWA

Sasa tutazame hesabu. Katika mwaka 1932 wilaya nzima ya Machakos ilikadiriwa kuwa na watu kama 240,000. Wakati huo Makueni ilikuwa ndani yake. Ilikatwa ikawa wilaya mbali mwaka 1992. Hesabu ya 1989 ilikuta watu karibu milioni 1.4. Hesabu ya Agosti 2019 ilitoa watu 1,421,932 katika Kaunti ya Machakos, na 987,653 katika Makueni. Ukizijumlisha wapata zaidi ya milioni 2.4. Palipokuwa na mtu mmoja, sasa pana kumi.

Na katika miaka ile ya 1930, walipokuwa hao wachache, wakubwa wa Serikali ya kikoloni walikuwa wakilia kwamba nchi ya Machakos imekwisha. Udongo ulikuwa ukichukuliwa na mvua, makorongo yamefunguka, majani yamekwisha. Walisema watu ni wengi na ng'ombe ni wengi. Hawakusema kwa sauti kubwa kwamba ardhi nzuri ya jirani ilikuwa imetengwa kwa walowezi, na Mkamba hana ruhusa ya kuhamia huko.

Dawa waliyoileta ilikuwa kupunguza mifugo kwa nguvu. Mwaka 1938 ng'ombe wa watu walikamatwa wakauzwa kwa bei ya chini, wakati ambapo kiwanda cha nyama cha Athi River kilikuwa kikitafuta nyama. Wakamba hawakukubali. Maelfu yao, wanaume kwa wanawake, walikwenda Nairobi wakapiga kambi wiki kadhaa wakitaka kumwona Gavana. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa akahamishwa, na mahali alipopelekwa ni Lamu. Basi mambo ya vilima vile na mambo ya pwani yetu yalikwisha kukutana zamani. Mwisho wa yote Serikali iliacha kuwanyang'anya watu ng'ombe. Leo jina lake liko juu ya mtaa wa Nairobi, karibu na Msikiti wa Jamia, na wengi wapitao hapo hawajui habari yake.

MWETHYA NA FANYA JUU

Kilichoshindwa kwa amri kilikuja kuwezekana kwa ujirani. Wakamba wana desturi iitwayo mwethya, ambayo ni kama ujima wetu: watu wa utui mmoja hukutana wakalima kwa huyu leo na kwa yule kesho. Wakoloni walipolazimisha kazi ya matuta chini ya chifu, watu waliichukia. Kazi hiyo ilipoachiwa vikundi vya mwethya vilivyojichagulia viongozi wake, ilikwenda mbio, hasa tangu miaka ya 1950. Wengi katika vikundi hivyo walikuwa wanawake, kwa sababu waume zao walikuwa Nairobi na Mombasa wakitafuta mshahara.

Tuta lililopendwa zaidi lina jina la Kiswahili: fanya juu. Mkulima huchimba mfereji kukata mteremko, na udongo akautupa upande wa juu ukawa ukingo. Mvua baada ya mvua, udongo hujikusanya nyuma ya ukingo, na shamba lililokuwa limeinama hulala sawa. Wataalamu wa udongo wa nchi nyingi hulitaja jina hilo hivyo hivyo bila ya kulifasiri.

Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu juu ya Machakos, na rai yao ilikuwa kwamba watu walizidi na mmomonyoko ukapungua. Penye watu wengi pana mikono mingi, pana soko karibu, na kipande kidogo cha ardhi hutunzwa kuliko uwanja usio na mwenyewe. Wengine waliofuata walikumbusha kwamba neema hiyo haikugawanyika sawa: aliyekuwa na mshahara wa mjini aliweza kununua ardhi na kulipa vibarua, na asiyekuwa nao akabaki nyuma. Maneno yote mawili ni ya kweli.

MAJI NDANI YA MCHANGA

Kola yenyewe imejulikana kwa jambo jingine. Mwaka 1978 Joshua Mukusya na jirani zake walianzisha kikundi cha Utooni, ambacho baadaye makao yake yalikuwa Kola, na kazi kubwa ya kikundi hicho ikawa mabwawa ya mchanga. Mito ya huko hujaa wakati wa mvua ikakauka baada ya muda mfupi. Watu hujenga ukuta wa mawe na saruji juu ya mwamba, kukata mto toka ng'ambo hii hata ng'ambo ile. Mvua ikija, mchanga hunasa nyuma ya ukuta ukajaa, na maji yakajificha ndani yake. Robo ya mchanga huo au zaidi huweza kuwa maji. Jua haliyafikii upesi, na mbu hawazai humo. Watu wa Lamu hawahitaji kuelezwa sana hikima hii, maana maji yao matamu hutoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela.

Lakini mchanga huo huo una mnunuzi. Nairobi yajengwa usiku na mchana, na malori huufuata mchanga wa mito ya Ukambani. Kijana asiye na kazi hupata fedha ya siku moja kwa kupakia lori, na mto ukipoteza mchanga wake hupoteza maji yake, na mama yake ndiye atakayetembea mbali na mtungi. Jirani zao wa Makueni walitunga sheria ya kulinda mchanga mwaka 2015. Sheria ni njema, walakini lori huja usiku, na ofisi ya kaunti iko mbali. Aliye karibu na mto ni mzee wa kijiji, yule yule aliyewaongoza wahesabu nyumba hata nyumba mwaka 2019, kwa kuwa yeye ajua nani alala wapi. Kwa miaka mingi mzee huyo ametumika bila ya mshahara na bila ya nguvu ya sheria.

Hapa ndipo penye funzo kwetu. Hesabu ya watu hugawa fedha na huchora mipaka ya wadi, na ni haki tuigombee. Ila vilima vya Machakos havikuponywa na hesabu wala na amri; viliponywa na watu wa utui mmoja waliopewa nafasi ya kuamua mambo ya mlangoni pao. Serikali kuu na kaunti zikitaka mito ile ibaki na maji, ziwape wazee wa vijiji na vikundi vya mwethya neno la mwisho juu ya mchanga wao. Na sisi, tunapouliza kama mitaa yetu imejaa kupita kiasi, tuulize kwanza ni nani katika mtaa mwenye idhini ya kulinda kisima chake.