Zhang Dai: Mwanahistoria aliyeinusuru kumbukumbu ya utawala ulioanguka

Kwa desturi ya China ya kale, historia ya ukoo wa kifalme ulioanguka iliandikwa na ukoo ulioushinda. Zhang Dai, mwanahistoria na mwandishi wa insha wa karne ya 17, hakungoja kalamu ya mshindi. Ndiyo maana wasomi wangali wanazichambua kazi zake hadi leo.

Zhang alizaliwa mwaka 1597 mjini Shaoxing, mkoani Zhejiang, mashariki mwa China, katika familia tajiri ya wasomi na maafisa wa serikali. Yeye mwenyewe hakufaulu mitihani ya kuingia katika utumishi huo. Aliishi kwa starehe, akipenda michezo ya kuigiza, taa za sherehe na chai bora. Hata hivyo, tangu mwaka 1628 alikuwa akiandika historia ya ukoo wa Ming, uliokuwa bado madarakani.

Maisha ya mafichoni

Mwaka 1644 waasi waliuteka mji mkuu, Beijing, na Mfalme Chongzhen akajinyonga. Wiki chache baadaye Wamanchu waliingia mjini na kuusimika ukoo wa Qing. Mwaka uliofuata wanaume waliamriwa kunyoa sehemu ya mbele ya kichwa na kusuka nywele za nyuma kwa mtindo wa Kimanchu. Aliyekaidi aliuawa.

Mwaka 1646 Zhang alikimbilia milimani na mswada wake. Maktaba yake ya juzuu zipatazo 30,000, iliyokusanywa kwa miaka 40, ilikwisha kupotea. Baadaye alieleza kwamba aliwahi kufikiria kujiua, lakini akazuiwa na kitabu ambacho hakijakamilika.

Kazi hiyo ilikuwa ya hatari. Mwaka 1663 watawala wa Qing waliwaua watu wapatao 70 kwa sababu ya historia ya Ming iliyochapishwa na familia ya Zhuang Tinglong, mkoani Zhejiang. Historia ya Zhang ilibaki mswada kwa karne kadhaa.

Ukweli na majonzi

Utiifu wake kwa Ming haukumfumba macho. Alimlaumu Chongzhen kwa ukali katika mambo ya fedha na pupa ya kutekeleza sheria. Nyaraka za enzi ya mfalme huyo alizipata kwa kumsaidia Gu Yingtai, mwanahistoria aliyekuwa afisa wa elimu wa Qing.

Insha zake za kumbukumbu, zaidi ya 120, alizipa jina la ndoto. Wasomi hujiuliza: simulizi za mtu aliyepoteza kila kitu ziaminiwe kwa kiasi gani? Mwanahistoria Jonathan Spence, katika kitabu chake cha mwaka 2007, alizisoma sambamba na maandishi yake ya historia.

Historia rasmi ya Ming, iliyoandikwa kwa amri ya Qing, ilikamilika mwaka 1739, miongo kadhaa baada ya kifo cha Zhang. Kwa kuwa mswada wake ulinusurika, mtafiti wa leo halazimiki kumsikiliza mshindi peke yake.